Kona ya konveya ya magurudumu: anza na chaki, chuma baadaye

Kona yangu ya kwanza ya konveya, ile njia ya kusukumia makreti juu ya vitu vinavyozunguka, ilibana vidole vya watu siku tatu mfululizo. Siku ya nne nikaing'oa.

Ilikuwa kwenye banda la kukusanyia parachichi nje kidogo ya mji wa Njombe. Banda lina umbo la L: mzigo unashushwa mkono mmoja, mizani na meza ya kuchambulia ziko mkono wa pili. Mama mwenye banda alichoka kuona vijana wakibeba makreti kutwa nzima, akanifuata karakanani kwangu Makambako. "Fundi, nataka kitu cha kusukuma tu, mambo ya umeme sitaki." Nikamtengenezea vipande viwili vilivyonyooka, mita tatu kila kimoja, na kona moja ya nyuzi 90 ya kuviunganisha. Vilivyonyooka vilikubali kazi tangu saa ya kwanza. Kona ikawa na mambo yake. Kreti likifika pale linaganda. Kijana analisukuma kwa kiganja, halisogei; analisukuma kwa nguvu, linachomoka ghafla, na la nyuma yake linakuja kumgonga vidole.

"Fundi, hii kona yako ina njaa," Mama akaniambia. Hakuwa anacheka.

Ya pili bado inafanya kazi. Naeleza hapa nilivyoichora, vipimo vyake, na makosa niliyoyalipia kwa muda wangu ili wewe usiyalipie. Ni konveya ya mteremko, haina mota. Kreti linatembea kwa uzito wake na msukumo mdogo wa mkono.

Kwanza, achana na rola kwenye kona

Nilikuwa na rola za bomba, zile ndefu zinazozunguka kutoka ukingo hadi ukingo, zilizobaki kwenye kazi nyingine, nikajifanya mjanja, nikazipanga kwenye kona. Hilo ndilo kosa lililobana vidole.

Angalia: ukingo wa nje wa kona yangu una urefu wa sentimita 173, wa ndani una 94. Upande wa nje wa kreti lazima utembee mbali zaidi kuliko upande wa ndani kwa muda uleule. Rola ni kipande kimoja. Ikizunguka mara moja, inasogeza upande wa ndani na wa nje umbali mmoja, yaani inataka kreti liende moja kwa moja. Kreti linatii, linakwenda moja kwa moja hadi kwenye kinga ya nje, ile ya pembeni inayolizuia kuanguka, linabana hapo. Viwandani wanatumia rola zenye umbo la karoti, nene upande wa nje na nyembamba ndani. Ukiwa na mashine ya kukereza, zitengeneze. Mimi sina.

Gurudumu dogo linazunguka peke yake. La nje likikimbia na la ndani likitambaa, hakuna ugomvi. Tena magurudumu yanafanya kazi ya pili ambayo wengi hawaioni: ndiyo yanayoligeuza kreti. Kila gurudumu linapenda kutembea mbele na linakataa kuburutwa ubavu. Ukiyapanga yote yafuate tao, kreti linageuka bila kusubiri kugongwa na kinga. Kwa hiyo kila shafti, fimbo ya chuma inayobeba magurudumu, lazima ielekee kwenye kitovu kimoja cha kona. Shafti moja ikikaa mshazari, inavuta kreti pembeni kila linapopita, na utadhani tatizo ni mteremko.

Fagia sakafu, chukua chaki

Usikate chuma bado. Pima kreti lenyewe mahali palipo panapana zaidi, pamoja na masikio ya kushikia, na upime likiwa limejaa. Makreti ya plastiki yanatuna tumbo. Yangu yalikuwa 60 kwa 40 yakiwa matupu, ila yakijaa parachichi baadhi yalifika 41 upana. Pima matano, chukua kubwa.

Sasa chagua nusu kipenyo cha ndani. Mimi nilichukua sentimita 60, na kanuni yangu ni nyepesi: kisiwe kifupi kuliko urefu wa kreti. Halafu tafuta upana wa njia. Kreti lililonyooka likipita kwenye tao, ubavu wake wa ndani unagusa tao la ndani katikati, na pembe zake mbili za nje ndizo zinazofika mbali zaidi na kitovu. Ni pembetatu mraba ya Pitagora, ileile ya darasani. Mkono mmoja ni nusu kipenyo cha ndani ukijumlisha upana wa kreti, mkono wa pili ni nusu ya urefu wa kreti. Tukiita nusu kipenyo cha ndani N, upana wa kreti P na urefu wake U:

Upana wa njia = √((N + P)² + (U ÷ 2)²) − N

Kwangu: 60 + 41 ni 101; nusu ya 60 ni 30. Kipeuo cha pili cha 10,201 + 900 ni 105.4. Toa 60, inabaki 45.4. Hiyo ni njia ambayo kreti linapita likikwaruza pande zote mbili. Ongeza nafasi ya sentimita 5 hivi. Nikafanya 50 kamili, kwa hiyo tao la nje likawa na nusu kipenyo cha 110.

Ukijaribu nusu kipenyo cha 30, hesabu inatoa 47.1. Ukijaribu 90, inatoa 44.4. Tofauti ni ndogo, na mtu anaweza kusema basi tuchukue 30 tuokoe nafasi. Upana utakubali, magurudumu ndiyo yatakayokataa. Shafti zinakutana kuelekea kitovu kama vijiti vya mwavuli, na kwenye 30 upande wa ndani zinabanana kiasi kwamba gurudumu la sentimita 4 halipati pa kukaa.

Na usiongeze nafasi ovyo kwa kuogopa kubana. Njia ya 50 inaruhusu kreti langu kupinda nyuzi kama 10 tu. Ningeifanya 60, lingeweza kupinda zaidi ya 20, na kreti lililopinda hivyo likisukumwa na la nyuma linakwama pembe kwa pembe. Nafasi kubwa inaleta mkwamo kama nafasi ndogo, ila mkwamo wa nafasi kubwa huwezi kuutoa kwa mkono mmoja.

Piga msumari sakafuni, funga kamba, chora tao la 60 na la 110. Kisha kata boksi gumu kwa kipimo cha kreti, 60 kwa 41, ulipitishe juu ya mchoro kwa mkono, polepole, ubavu wa ndani ukifuata tao. Boksi halina adabu ya kukuficha kitu. Mama alipita akanikuta nimepiga magoti nasukuma boksi tupu kwenye chaki, akauliza kama nimeanza kucheza gari la watoto. Nikamwambia ndiyo.

Kugawa nyuzi bila kifaa cha kupimia pembe

Kona yangu ina shafti 12, kila nyuzi 7.5. Kwenye tao la nje nafasi kati ya shafti na shafti inakuwa sentimita 14.4, na kwenye la ndani 7.9. Kreti la sentimita 60 linakuwa juu ya shafti nne wakati wote, hata upande wa nje. Zikiwa chini ya tatu, pua ya kreti inadumbukia.

Kugawa ni kazi ya kamba ileile. Usibadilishe urefu wake: simama mwanzo wa tao la nje, kata tao hilo kwa kamba ya 110, umepata nyuzi 60. Simama mwisho wa tao, kata tena, umepata 30. Tao sasa lina vyumba vitatu. Kata kila kimoja katikati, halafu katikati tena, vinakuwa 12. Toa mistari hadi kwenye msumari. Shafti usiziweke juu ya mistari hiyo, ziweke katikati ya kila chumba. Ya kwanza na ya mwisho zinakaa nusu chumba kutoka kwenye kiungo, ili shafti ya kipande kilichonyooka isije ikagombania mahali na ya kona.

Fremu

Reli zote mbili za pembeni ni flatibaa, yaani chuma bapa, ya milimita 50 kwa 5, imesimamishwa wima, imepindwa kama pete ya pipa. Hivyo inapindika kwa mikono na mabomba mawili mafupi yaliyochomelewa mezani, yakiachana sentimita 8. Pitisha flatibaa katikati yao, vuta kidogo, sogeza sentimita 5, vuta kidogo, kisha ipeleke kwenye chaki ulinganishe. Flatibaa ina kiburi, ukiiachia inarudi nyuma, kwa hiyo ipinde kidogo kuzidi mchoro. Acha sentimita 15 zilizonyooka kila mwisho, huo ni ulimi wa kufungia bolti na kipande kinachofuata. Ulimi hakikisha kwa skwea. Ukianza kupinda kabla ya tao kuanza, kiungo chote kinakwenda mrama.

Mara ya kwanza nilitoboa matundu ya shafti kabla ya kupinda, maana kutoboa chuma kilichonyooka ni rahisi. Ikapindika kwenye matundu tu. Badala ya tao nikapata mikunjo 12, kama kiatu kilichovaliwa miaka mitatu. Pinda kwanza, toboa baadaye.

Ukishapata matao mawili, yalaze juu ya mchoro wake sakafuni, weka vipande vitatu vya kuyaunganisha kwa chini, upige doti za weldi kwa kupishana: moja huku, moja kule. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, joto linavuta fremu nayo inanyanyuka kama chapati. Nyosha kamba mbili za msalaba kutoka pembe hadi pembe. Zikigusana katikati bila kusukumana, fremu ni bapa. Kumbuka neno hilo, bapa, tutalihitaji.

Kwa kila shafti toboa tundu la milimita 13, kitovu chake milimita 12 chini ya ukingo wa juu wa reli, halafu fungua tundu kwa grinda kutoka juu. Shafti inakaa kwenye mkato huo kama fimbo kwenye panda. Tundu dogo la milimita 3 kila ncha ya shafti, kotapini (pini ya kukunja ncha) ndani yake, haitoki pembeni. Ukitaka kubadilisha, unatoa kotapini na kuinua.

Magurudumu ya bomba jeusi

Shafti ni raundi baa, yaani chuma cha mviringo, ya milimita 12, na beringi ni 6201: tundu milimita 12, kipenyo cha nje 32, unene 10. Kila shafti ina urefu wa sentimita 54. Mara 12 ni sentimita 648, na baa inauzwa mita 6. Hapo utakasirika kidogo kama mimi. Nunua mbili, kipande kinachobaki kitakuja kupata kazi; nitasema ipi.

Nilijaribu kutumia beringi tupu kama gurudumu. Kwenye ubao inapita vizuri. Kwenye kreti la plastiki, ambalo tako lake lina wavu na mbavu, gurudumu la milimita 10 linazama kwenye vyumba vya wavu na kreti linatembea kama baiskeli kwenye ngazi. Linahitaji kiatu kipana. Kiatu changu ni bomba jeusi la plastiki la maji la milimita 40, lile lenye ukuta mnene, lililokatwa vipande vya milimita 25. Usiende dukani na kipimo kichwani. Nenda na beringi mfukoni, uijaribu kwenye mdomo wa kila bomba mpaka upate ambalo inakataa kuingia kwa mkono lakini kwa kidogo tu. Langu lilikuwa na tundu la milimita 31. Kipande kinachemshwa kwenye sufuria, kinatolewa kwa koleo, beringi inasukumwa katikati kwa ubao na nyundo, kinapoa kimeikumbatia. Fanya kazi hiyo jua likiwa limetoka. Asubuhi ya Juni Njombe bomba linapoa mkononi kabla hujalifikisha mezani.

Shafti sita zina magurudumu matano, sita zina manne, kwa kupishana. Ya matano yako sentimita 5, 15, 25, 35 na 45 kutoka reli ya ndani. Ya manne yako 10, 20, 30 na 40. Jumla beringi 54. Kupishana huko kunafanya tako la kreti lisipate mstari mtupu wa kuzama.

Kati ya gurudumu na gurudumu kunahitajika spesa, kibomba cha kuyatenganisha, na hapa kuna kitu kidogo ambacho kiliniamsha usiku. Nilitumia bomba jeupe la plastiki la PPR la milimita 20, ambalo linapita vizuri juu ya raundi baa ya 12. Nikapanga, nikakaza, nikazungusha gurudumu kwa kidole: likazunguka nusu na kusinzia. Jingine hivyohivyo. Nikalaumu beringi, nikamlaumu hadi aliyeniuzia. Kumbe mdomo wa spesa ulikuwa mpana, unasugua mpira wa pembeni wa beringi badala ya kukaa kwenye pete yake ya ndani peke yake. Pete ya ndani haizunguki, inakaa na shafti. Mpira na pete ya nje ndivyo visivyotakiwa kuguswa. Chonga ncha za kila spesa kwa kisu kama unachonga penseli, mpaka mdomo uwe milimita 17 hivi. Spesa za katikati zina urefu wa sentimita 9. Baada ya kuchonga, gurudumu lile lile lilizunguka hadi nikaenda kunawa mikono na kurudi.

Beringi zenye mpira pande zote ni nzito kidogo kuzunguka kuliko zenye kifuniko cha chuma, lakini banda lile linaoshwa kwa maji na lina vumbi la barabara. Nikachagua za mpira na kukubali mteremko uwe mkubwa zaidi.

Mteremko, na kreti lililokuwa likicheza

Mteremko haupatikani kwenye kitabu, unapatikana kwa kreti lako. Chukua kipande kilichonyooka, weka kreti lililojaa, nyanyua upande mmoja kidogo kidogo huku ukilisukuma. Unatafuta mahali ambapo likisukumwa mara moja linaendelea bila kupunguza wala kuongeza mwendo. Kreti langu la kilo 22 lilikubali kwenye sentimita 4 kwa kila mita. Kona inakula zaidi, maana kuna kusugua. Nilifika sentimita 9 kutoka mwanzo wa kona hadi mwisho wake, na katikati ya njia kona ina urefu wa sentimita 134.

Sasa hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima. Nilifanya anachofanya kila fundi mwenye pima maji: niliilaza kukatisha njia, kutoka reli ya ndani hadi ya nje, nikahakikisha iko sawa kila mahali, huku kona ikishuka taratibu. Kama ngazi ya kuzunguka isiyo na vidato. Inapendeza machoni. Kreti likaingia, likaanza kucheza kama meza ya hotelini yenye mguu mfupi, likasimama.

Reli zote mbili zinashuka sentimita 9, lakini ya ndani ina sentimita 94 tu za kushukia, ya nje ina 173. Kwa kila mita, ya ndani inashuka karibu sentimita 10 na ya nje tano na kitu. Njia inakuwa imesokotwa kama jani la mgomba lililokauka. Tako la kreti halijasokotwa. Kwa hiyo linasimama kwa pembe mbili, ya mbele nje na ya nyuma ndani, na pembe nyingine mbili zinaelea. Kilo 22 zinabebwa na magurudumu machache, mengine yanaangalia tu.

Dawa ni kuifanya kona iwe sinia. Sinia likiegemezwa, linainama lakini linabaki bapa, na kreti linakaa juu ya magurudumu yote. Fremu tayari ni bapa. Usiisokote kwa miguu. Iinamishe nzima kwa mshazari, ianguke kutoka mwanzo kuelekea mwisho. Pembe nne za kona yangu, nikihesabu kutoka ile ya chini kabisa, ziko hivi: mwisho nje 0, mwisho ndani sentimita 2.6, mwanzo ndani 9, mwanzo nje 11.6. Katikati kabisa ya kona, pima maji inasoma sawa kukatisha njia. Pale tu.

Maana yake kreti linaingia likiwa limeinama ndani kidogo na linatoka likiwa limeinama nje. Kwa macho ni vibaya. Mama aliponiona nakaza miguu ya upande mmoja juu na mwingine chini, akaniuliza, kwa heshima, kama nimekunywa. Kwa kreti ni sentimita 2.6 katika upana wa 50, halitelezi ubavu kwa hilo.

Kuna deni, hata hivyo. Vipande vilivyonyooka lazima vikutane na kona vikiwa vimeinama vilevile, vinginevyo kuna kidato kwenye kiungo. Nilivisokota vyenyewe: mwisho wa mbali umekaa sawa, mwisho wa kona umeinama sentimita 2.6. Fremu ya mita tatu ya flatibaa inakubali hilo kwa bolti za miguu tu, bila moto. Msokoto uleule uliokuwa umebanwa kwenye kona sasa umetandazwa kwenye mita tatu, na kreti la sentimita 60 linauona nusu sentimita. Plastiki inajipinda yenyewe kwa kiasi hicho.

Kinga za pembeni

Kinga ya nje ndiyo itakayoguswa, hata kwenye kona nzuri. Yangu ya kwanza ilikuwa engo, chuma chenye umbo la L, yenye kutu kidogo, na kutu inashika plastiki kama msasa. Sasa ni flatibaa nyembamba, sentimita 6 juu ya magurudumu, mahali ambapo kreti lina ubavu mgumu, na nimeivalisha bomba jeusi la milimita 25 lililopasuliwa urefu wake wote. Plastiki kwa plastiki inateleza. Bomba likichakaa unalivua.

Kinga ya ndani ianze sentimita 20 kabla ya tao na mdomo wake ufunguke kidogo kama faneli. Ukiianzisha hasa pale tao linapoanza, kreti lililopinda kidogo litapiga pua kwenye ncha yake, kila mara, palepale.

Kona si mahali pa foleni

Kwenye njia iliyonyooka makreti yakipanga foleni yanasukumana tako kwa tako. Kwenye kona yanasukumana pembe kwa pembe, nguvu inakwenda kwenye kinga, na ukiachia foleni ya matano inabaki imeganda. Hilo haliondoki kwa usanifu wowote niliojaribu. Nikaweka kizuizi kabla ya kona: kipande cha engo kwenye bawaba, kinanyanyuka kati ya magurudumu, kinashuka ukikanyaga pedali. Kreti moja linaingia konani, likitoka ndipo la pili linaachiwa. Vijana walilalamika siku mbili, wakazoea.

Ukihitaji kona mbili za kupingana, ya kulia kisha ya kushoto, weka kati yao kipande kilichonyooka kisichopungua urefu wa kreti moja. Bila hicho kreti linakuwa kwenye kona mbili kwa wakati mmoja.

Kujaribu

Usijaribu kwa kreti moja zuri. Mimi nilipitisha lililojaa, lililolowa maji, lenye mzigo wote upande mmoja, na matatu mfululizo kwa kasi mbaya. La mzigo upande mmoja lilinionyesha shafti ya saba, iliyokuwa imekaa mshazari milimita chache kwa sababu mkato wake niliukata nikiwa na njaa. Kreti tupu halifiki mwisho wa kona lenyewe, linahitaji kusukumwa. Ukiongeza mteremko ili tupu lipite, lililojaa litafika mezani kama bodaboda. Chagua lililojaa.

Kitu cha mwisho ni shafti za akiba, na ndiyo kazi ya ile baa ya pili. Shafti ya milimita 12 inabeba makreti bila kuhisi, lakini mtu mzima akiikanyaga katikati inapinda na hairudi. Sikusubiri sana: wiki ya pili kijana mmoja alipanda konani kufikia gunia lililokuwa juu. Sasa shafti mbili, moja ya magurudumu matano na moja ya manne, zinaning'inia kwenye msumari karibu na mizani. Kotapini mbili, inua, shusha nyingine. Aliyekanyaga ndiye anayebadilisha.